Sikio halijui upande

Hapa Lamu, mwenye punda akipiga "simile!" kichochoroni na mtu akageukia upande usio na punda, wapita njia husema papo hapo: huyu hasikii. Lakini asingesikia, asingegeuka. Kusikia sauti na kujua imetoka wapi ni kazi mbili, na hiyo ya pili haifanywi na sikio.

Kwa ufupi, ni hesabu ya ubongo: unalinganisha kilichofika sikio la kulia na kilichofika la kushoto.

Wengi hukosea kwa kudhani sikio ni kama jicho. Nuru itokayo kulia huangukia mahali pake maalumu ndani ya jicho, kwa hiyo picha huingia na ramani yake. Sikio la ndani halina ramani hiyo. Hupanga sauti kwa unene na wembamba tu. Upande haumo, sharti utafutwe. Sauti ya kulia kabisa hutangulia kufika sikio la kulia kwa muda usiotimia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na shina la ubongo huinasa tofauti hiyo. Ikiwa sauti ni nyembamba, kichwa chenyewe huikinga, sikio la mbali likapata iliyofifia. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alizieleza njia hizi mbili mwaka 1907. Kujua kama sauti iko juu au chini, mbele au nyuma, hutegemea zaidi mikunjo ya sikio la nje.

Wazamiaji wa kamba mawe wanalijua jambo hili. Majini sauti huenda kwa kasi ya zaidi ya mara nne kuliko hewani, ule muda mdogo ukazidi kupungua, na mashine ya boti husikika waziwazi kana kwamba iko kila upande. Masikio yao ni mazima.

Mzee aliyepoteza sikio moja huishi hivyo nchi kavu, siku zote. Lililobaki laweza kuwa zima kabisa, ila ubongo umekosa cha kulinganisha.

Basi tusimwite kiziwi, wala tusimzidishie makelele, maana hayamwonyeshi upande. Aambiwe tu, "Babu, punda yuko mkono wako wa kushoto."