Dhana Potofu Kuhusu Kukagua Nyumba ya Kupanga

Mpangaji ana nguvu kabla ya kuweka sahihi. Akishaweka, kila ombi la kutengenezewa kitu huanza kuonekana usumbufu. Ndiyo maana zinanikera dhana zinazowafanya watu wapite mbio siku ya kuonyeshwa nyumba, siku ambayo ndiyo hasa ya kwenda polepole.

"Imepakwa rangi mpya, kwa hiyo ni nzima"

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Rangi mpya haina ubaya wowote, ila haikaushi ukuta. Ukuta ulionyonya maji hubaki na maji chini ya rangi, na baada ya muda rangi hufura, hubanduka, na madoa meusi ya kuvu hurudi palepale.

Weka kiganja ukutani: chini karibu na sakafu, ndani ya makabati, kwenye pembe za chumba cha kulala, na ukuta unaopakana na bafu. Ukihisi unyevu, au ukipangusa ukakuta unga mweupe, jua kuna maji yanayopanda au kupenya. Unga huo ni chumvi inayobaki maji yanapokauka. Angalia pia kama rangi mpya imepakwa chumba kizima au kipande kimoja tu cha dari. Kipande kimoja kina sababu yake, na una haki ya kuiuliza. Kisha funga madirisha, kaa dakika chache, unuse. Uvundo hujitokeza hewa ikitulia.

Wala hili si suala la urembo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likaeleza jinsi vinavyohusiana na pumu na matatizo mengine ya kupumua. Kama una mtoto mwenye pumu, nyumba ya namna hiyo usiichukue hata kodi ikiwa nafuu.

"Bomba limetoa maji, basi maji yapo"

Bomba moja kufunguliwa kwa sekunde chache halithibitishi kitu. Fungua koki ya jikoni na ya bafuni kwa pamoja, huku choo kikivutwa. Kinga ndoo ya lita 10 utazame saa: ikijaa kwa dakika 2, unapata lita 5 kwa dakika, na jioni majirani wote wakiwa nyumbani huenda zikapungua. Ziba sinki, lijaze, kisha uyaachie maji yote mara moja. Yakishuka kwa kusuasua, yakikoroma, au harufu mbaya ikipanda, kuna kasoro kwenye bomba la maji machafu. Koki inayodondoka nayo itengenezwe kabla hujahamia, maana tone moja kila sekunde hufika maelfu ya lita kwa mwaka, na bili utalipa wewe.

"Taa zinawaka, umeme uko sawa"

Nenda na chaja ya simu ujaribu kila soketi. Alama za kuungua, au swichi yenye joto, ni hatari ya moto. Uliza kama mita ni yako peke yako, kisha omba swichi kuu ya nyumba izimwe. Mita ikiendelea kuhesabu, huenda kuna mwingine anayetumia umeme utakaolipia wewe.

"Kuiona mara moja kunatosha"

Rudi usiku, usikilize kelele na uone njia ya kuingilia ilivyo gizani. Mvua ikinyesha, rudi tena, hata kama umechoka. Paa na mifereji havijui kuficha siku hiyo.

"Dalali ameshaahidi"

Dalali hulipwa nyumba ikipata mtu, na kwa kawaida matengenezo si jukumu lake. Omba uthibitisho kwamba anayepokea fedha ndiye mwenye nyumba au amepewa mamlaka naye. Ahadi ya kubadilisha kitasa au kuziba paa iandikwe kwenye mkataba, pamoja na tarehe ya kukamilika.

"Picha ni za siku ya kuhama"

Ni za siku ya kuingia. Piga kila ufa, kila doa, kila kioo kilichopasuka, na namba za mita, kisha mtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Amana hupotea hapa: uchakavu wa kawaida si uharibifu, lakini bila picha utashindwa kuonyesha kwamba ufa ulikuwepo kabla yako.

"Mikataba yote inafanana"

Haifanani. Soma kwa makini muda wa notisi, jinsi kodi itakavyopandishwa, nani anatengeneza nini, na amana hurudishwa lini. Nafasi zilizoachwa wazi zijazwe au zipigwe mstari mbele yako, na siku hiyohiyo uondoke na nakala yenye sahihi za pande zote mbili.