Marufuku ya minara Uswisi, maana yake hasa ni nini

Wengi wakisikia Uswisi walipiga marufuku minara ya misikiti wanadhani misikiti ilifungwa kule, sio hivyo. Kilichokatazwa ni kujenga mnara mpya, basi. Msikiti mnajenga, mnaswali, Ijumaa mnajaa mpaka nje, ila mnara msipandishe. Na imeandikwa kwenye katiba yenyewe, ibara ya 72, kasentensi kamoja tu: ujenzi wa minara ni marufuku.

Ilianzia hasa kwenye kamji kanaitwa Wangen bei Olten, chama cha Waturuki kiliomba kibali 2005 kuweka kamnara juu ya jengo lao, kama mita 6 hivi, yaani mnazi wa kawaida unakapita. Majirani wakakataa, kesi ikapanda mpaka mahakama ya shirikisho, Waturuki wakashinda. Kabla hata hukumu hiyo haijatoka wanasiasa, wengi wa SVP, chama cha mrengo wa kulia, walishaanza kukusanya saini, maana kule ukifikisha 100,000 unapeleka pendekezo la kubadili katiba kwa wananchi serikali ipende isipende. Serikali na bunge walisema pigeni hapana, tafiti za kabla ya kura nazo zikaonyesha hapana inaongoza, ilipofika 29 Novemba 2009 ndiyo ikachukua asilimia 57.5.

Na nchi nzima minara ilikuwa minne tu! Wala haikuwa inatoa adhana kwa spika, kwa hiyo kelele hazihusiki. Angalia bango la kampeni: minara myeusi imechomoza kwenye bendera ya Uswisi kama makombora, pembeni mwanamke kavaa nikabu. Jiji la Basel lililikataa lisibandikwe. Pale mnara ulibebeshwa hofu zote, za sharia, za wageni, za nikabu.

Waliounga mkono walisema mnara ni alama ya siasa, dini haiulazimishi. Hiyo ya pili ni kweli, hata misikiti mingi ya zamani ya pwani yetu haina mnara, ndo maana Mandhry ya Mombasa na Bamnara ya Unguja zinajulikana kwa minara yao. Lakini mnara wa kanisa nao sio lazima kwa ibada, mbona huo haukuguswa?

Waliokimbilia mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya kule Strasbourg waligonga mwamba 2011, wakaambiwa hawajaonyesha kwamba wao wenyewe wameathirika, maana hawakuwa na mpango wa karibuni wa kujenga msikiti wenye mnara. Ile minne ya zamani haikubomolewa, sheria inahusu mipya tu.