Nishati ya uso ni nini, na kwa nini gundi haishiki jerikeni

Nishati ya uso ni ile nguvu uso wa kitu uko nayo ya kuvuta kitu kingine kije kikae juu yake. Chuma na kioo ziko nayo nyingi, mbao ziko nayo ya kutosha, lakini polithini na polipropilini ziko nayo kidogo sana, na shida yote ya kugundisha jerikeni, ndoo na masanduku ya plastiki inaanzia hapo. Nimeamua kuandika hii juu kuna watu hapa Nairobi wanaunda boti za kupeleka Naivasha ama Ziwa Victoria, na wakimaliza bodi vizuri kabisa wakafika ile sehemu ya kuweka vitu ndani, sanduku la nyavu, kishikio cha kasia, pahali pa kuwekea laifujaketi, wananunua gundi, ikiachia wananunua ya bei zaidi, na hiyo pia inaachia, halafu lawama zinaenda kwa mwenye hadiwea ati ameuza feki. Feki ziko, sikatai. Lakini kwa hii mambo mara nyingi gundi haina makosa, plastiki yenyewe ndio imeikataa.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua jerikeni ya mafuta ya kupikia, ile ya njano, uioshe na sabuni hadi mafuta yaishe, isuuze, ikauke, uilaze kwa ubavu udondoshe maji juu yake. Maji yatajikusanya vidonge vidonge kama kwa jani la nduma. Dondosha mengine kwa kioo safi na utaona yanatandaa. Sasa gundi pia ni maji maji kabla ikauke, kwa hivyo kama haiwezi kutandaa itagusa plastiki kwa vipoint vichache tu, na ikishakauka unaibandua na ukucha ikitoka nzima, safi, haijaacha hata alama.

Kuna namba za hii kitu, zinapimwa kwa milinyutoni kwa mita. Maji mvutano wake, yaani ile nguvu inayafanya yajivute pamoja badala ya kutandaa, ni kama 72, gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili, iko karibu 45. Polithini uso wake ni karibu 31, polipropilini 29 ama 30, Tefloni ile ya sufuria inashuka hadi kama 18. PVC iko karibu 39, nailoni inapita 40. Kanuni ya kukumbuka ni moja, kitu cha maji maji kinatandaa vizuri kama mvutano wake uko chini ya nishati ya ule uso, na epoksi ya 45 juu ya polithini ya 31 haina hiyo nafasi. Na kutandaa ni mwanzo tu, lazima pia kuwe na kitu cha kushikana nacho. Polithini ni kaboni na haidrojeni pekee, mnyororo mrefu usio na oksijeni wala kitu kingine chochote cha gundi kushika.

Ndio maana msasa peke yake hausaidii vile watu wanadhani. Unapata mikwaruzo, gundi inaingia kwa mikwaruzo, inashika kidogo, lakini tabia ya plastiki haijabadilika hata kidogo.

Viwanda vilishajua hii zamani. Angalia karatasi ya mkate, ni polithini ama polipropilini na bado wino umekaa juu yake haufutiki, juu kabla ya kuprintiwa hiyo karatasi inapitishwa kwa cheche za umeme ama moto, oksijeni inashikana na ngozi ya juu kabisa ya plastiki, nishati inapanda. Wewe kwa karakana yako unaweza kufanya karibu hivyo hivyo na tochi ya gesi. Safisha plastiki na spiriti, piga msasa, futa vumbi, kisha pitisha ncha ya moto wa bluu juu ya uso haraka haraka bila kusimama pahali pamoja, plastiki isibadilike rangi wala isianze kung'aa ikiyeyuka. Dondosha maji: kama sasa yanatandaa badala ya kujikunja, umefaulu. Kausha, usiguse na vidole, paka gundi hapo hapo, usiache hadi kesho juu ile hali inapotea polepole. Epoksi ya kawaida ikikauka ni ngumu sana na polithini inapinda, kwa hivyo tafuta ile inayonepa kidogo, kampuni ya West System wako na moja inaitwa G/flex na wao wenyewe wanasema polithini ipitishwe moto kwanza. Na kama ni Julai na baridi ya Nairobi, epoksi inakauka pole, ipe muda wa ziada kabla uibebeshe mzigo.

Tafadhali, jerikeni iliyowahi kubeba petroli usiisogelee na moto hata kama ina miaka imekauka. Mvuke ukibaki ndani inalipuka.

Kuna njia zingine. Supaglu iko na dawa yake ya kupaka kwanza kwa plastiki za aina hii, inafanya kazi kwa vitu vidogo. Kuna pia gundi za akriliki za kampuni kama 3M zimetengenezwa kabisa kwa polithini na polipropilini, bei yake ni ya kufikiria mara mbili. Silikoni mimi singeitegemea kushika chochote hapa, itumie tu kuzuia maji pahali bolti zimebana.

Kabla ya yote jua plastiki yako ni gani. Pindua chini uangalie namba kwa pembetatu: 2 na 4 ni polithini, 5 ni polipropilini, 3 ni PVC. Kama hakuna namba, kata kipande kidogo utupe kwa maji. Polithini na polipropilini zinaelea, PVC inazama. Usijaribu kujua kwa kuchoma, PVC ikiungua inatoa moshi wa asidi mbaya kwa mapafu.

Kwa hii swali, mafundi wa maji wa mtaani wamekuwa na jibu muda mrefu. Paipu za PVC wanaunga na gundi, na hiyo gundi inayeyusha ngozi ya paipu zote mbili zikawa kitu kimoja. Paipu za PPR hawagusi na gundi kabisa, wanatoa ile mashine ya moto, wanaiweka kama digrii 260, wanayeyusha pande mbili na kusukuma. PPR ni polipropilini, hakuna gundi ya paipu inaiyeyusha. Tangi nyeusi ya maji ikipasuka pia inachomelewa na hewa moto na ufito wa polithini ile ile. Kwa hivyo kama unaunga polithini kwa polithini, tafuta mtu wa kuchomelea plastiki kabla utafute gundi, na hakikisha ufito ni wa aina moja na sanduku, juu polithini na polipropilini hazichanganyiki zikashikana.

Lakini kwa boti kawaida sanduku ni polithini na boti yenyewe ni faibaglasi ama mbao, hapo kuchomelea hakuwezekani. Mimi naona jibu zuri zaidi ni kuacha kugundisha sanduku kabisa. Gundisha vipande vya mbao kwa bodi ya boti na epoksi, hapo inashika vizuri sana, vipange kama fremu ya kuzuia sanduku lisiteleze, kisha ulifunge na mkanda wa nailoni wenye kifungo kama cha mshipi. Ukitaka bolti, weka wosha pana pande zote mbili na utoboe tundu kubwa kidogo kuliko bolti, juu polithini inatanuka na joto kuliko watu wanavyofikiria: bapa la mita moja likipata digrii 20 zaidi linaweza kuongezeka milimita 2 hadi 4. Linatoka kwa kivuli asubuhi, saa saba liko kwa jua katikati ya ziwa, na kama tundu limebana, plastiki inajikunja ama inapasuka kuanzia hapo kwa bolti.