Matthew Arnold hakumuasi baba yake

Kila muhula nasahihisha insha zenye hadithi ileile: Thomas Arnold, mwalimu mkuu mkali wa shule ya Rugby huko Uingereza, alimbana mwanawe Matthew, mshairi wa karne ya 19, naye akaasi na kukimbilia ushairi. Dhana hii inanichosha kuliko zote, maana anayeishika hulisoma kila shairi la Matthew kombo.

Thomas alikuwa mwanahistoria. Kati ya 1830 na 1835 alihariri matini ya Kigiriki ya Thucydides, mwanahistoria wa Athens ya kale, na kuitolea maelezo, akishikilia kwamba Athens ya zama zile ilikuwa jamii ya kisasa yenye mengi ya kuwafunza Waingereza wa wakati wake. Mwaka 1857 Matthew anasimama Oxford kutoa mhadhara wake wa kwanza akiwa Profesa wa Ushairi. Anasema nini? Kwamba Athens ya Thucydides ni ya kisasa kuliko Uingereza ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Hoja ni ya baba, mwana ameipeleka kwenye fasihi.

Haya, nenda mwisho wa shairi la Matthew "Dover Beach", pale majeshi yanapopigana gizani bila kujua yanampiga nani. Wahakiki wengi wanaona hapo vita vya usiku vya Epipolae, mlima wa karibu na Sirakusa huko Sisilia, mwaka 413 KK, Waathene walipouana wenyewe kwa wenyewe. Kisa kimo katika kitabu cha saba cha Thucydides yuleyule. Na katika shairi lake "Rugby Chapel" mwana yuko nje ya kanisa la shule alimozikwa baba, anamsifu kuwa hakukubali kuokoka peke yake na kuwaacha wenzake njiani. Muasi gani huandika hivyo?

Wengine hunitolea shairi lake "Sohrab and Rustum", ambamo baba anamuua mwana asiyemtambua. Kisa hicho ni cha Firdausi, mshairi wa Uajemi, kilichoandikwa karne nane kabla Matthew hajazaliwa. Nawasihi: someni "Rugby Chapel" kwanza, kwa sauti, ndipo mfungue wasifu wowote.

  

Tena Matthew hakuishi kwa mashairi. Alikuwa mkaguzi wa shule tangu 1851 hadi 1886, na mashairi aliyaandika katikati ya safari na ripoti.

Wala profesa hakuwa mwana peke yake. Mwaka 1841 Thomas aliteuliwa Profesa wa Historia palepale Oxford. Akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 46, historia yake ya Roma haijakamilika.