Heshima Hupangwa Kabla ya Watu Kufika

Kazi yangu ni kuendesha vikao vya jamii hapa Nakuru: mijadala ya bajeti, mafunzo ya vijana, mikutano ya wapangaji, pamoja na yale makundi ya WhatsApp yanayozaliwa kila kikao kinapoisha. Waandalizi wakiniita, wengi huniomba niwaandikie kanuni za heshima. Mimi huwauliza kwanza: binti akishikwashikwa saa nne asubuhi, atamwendea nani, na huyo atakayeendewa atafanya nini kabla ya saa tano? Kama jibu halipo, karatasi ya kanuni haitamlinda mtu yeyote.

Jibu lisiwe mwenyekiti. Mwenyekiti ana shughuli nyingi, kila jicho liko kwake, na aghalabu anayelalamikiwa ni rafiki yake. Nataka wapokeaji wawili wa malalamiko, angalau mmoja wao mwanamke, wasiotoka ukoo mmoja wala chama kimoja cha siasa. Majina na nambari zao zitangazwe kikao kinapofunguliwa, kisha zibandikwe ndani ya vyoo, mahali mtu anapoweza kuzinakili bila kutazamwa.

Mlalamishi akija, asikilizwe kando. Maneno yake yaandikwe jinsi alivyoyasema, na aulizwe anataka nini kifanyike. Wengine hutaka tu kubadilishiwa kundi la majadiliano, wengine wanataka mtu yule atoke ukumbini. Hapo ndipo huja desturi yetu ya kusuluhisha: wazee wanaketi, wawili wanawekwa ana kwa ana, wanapeana mikono, mambo yaishe. Nawaheshimu wazee wetu, na kwa ugomvi wa pesa za chama au mpaka wa shamba sioni njia bora zaidi. Lakini aliyeshikwa mwili bila ridhaa akikalishwa mbele ya aliyemshika na kuambiwa asamehe, ameumizwa mara ya pili, na safari hii mbele ya mashahidi. Mambo ya aina hiyo yana Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Kama kuna aliyebakwa, kikao hakina mamlaka ya kupatanisha lolote: apelekwe hospitali mara moja bila kuoga wala kufua nguo, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze kabla ya saa 72 kupita. Nambari 1195 hupigwa bila malipo na hupokea visa vya ukatili wa kijinsia. Wapokeaji wawe nayo kwenye simu zao kabla ya kikao kuanza.

Watu wengine hufukuzwa bila hata tusi moja. Nakuru ni mji wa makabila mengi, na mkutano unaoanza kwa Kiswahili huteleza kwa urahisi: mzungumzaji anatupa mzaha kwa lugha ya mama, nusu ya ukumbi inacheka, nusu nyingine inatazamana. Mimi sipigi marufuku lugha ya mtu. Wakati wa chai kila mmoja azungumze atakavyo, ila lililosemwa kwa kikao lirudiwe kwa Kiswahili, papo hapo, na aliyelisema. Katiba ya 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na ibara hiyohiyo ya 7 inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa kikao kirefu, mkalimani mmoja wa ishara hatoshi. Waajiriwe wawili wapokezane kila baada ya dakika 20 au 30, kwani mikono na akili vikichoka, kiziwi ndiye anayekosa habari. Na unapozungumza na kiziwi, mtazame yeye, si mkalimani.

Siku ya kikao nayo huchagua nani aje. Jumamosi umewaacha Waadventista, Ijumaa adhuhuri umewaacha Waislamu wa Bondeni. Tena walinzi waelezwe mapema kwamba Mwakorino, ambaye kilemba chake ni cha imani, haambiwi akivue mlangoni.

Kuhusu picha nina msimamo mkali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai msingi halali wa kutumia taarifa za mtu, sura yake ikiwemo, na kwa mtoto ridhaa hutoka kwa mzazi au mlezi. Ninawapa utepe wa rangi wasiotaka kupigwa picha, na mpiga picha anafundishwa kuutambua. Mwanamke aliyemkimbia mume mkatili anaweza kupatikana kwa picha moja tu iliyowekwa Facebook na mtu mwenye nia njema.

Nikija kwenye WhatsApp, hapa kwetu hatuhitaji kuelezwa simu inaweza kufanya nini. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipoufikia mji huu Januari 2008, ujumbe mfupi wa chuki ulikuwa tayari umesambaa nchini. Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na Aprili 2022 tume iliyoundwa chini yake ikatoa orodha ya maneno ya kuchochea chuki, yakiwemo madoadoa, kwekwe na mende. Neno la namna hiyo likiingia kundini, msimamizi asianze kubishana. Kwanza apige picha ya skrini ionyeshe nambari na saa, ndipo aufute ujumbe kwa wote na kumtoa aliyeutuma. Wengi hufuta kwanza kwa hasira, ushahidi ukapotea, ilhali unyanyasaji wa mtandaoni ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018. Ujumbe wa sauti usikilizwe hadi mwisho, kwani sumu mara nyingi huwekwa baada ya salamu ndefu. Kwa kosa dogo, kijembe au mzaha kuhusu umbo la mtu, msimamizi amwandikie mhusika faraghani.

Aliyetolewa kikaoni au kundini anaweza kurudi baada ya muda uliotangazwa, lakini kwanza wapokeaji wa malalamiko wazungumze na aliyekosewa. Msamaha wa hadharani usilazimishwe, kwa sababu mara nyingi aliyekosewa hataki kisa chake kifufuliwe mbele ya watu wote. Hutaka tu kujua mapema mtu yule anarudi siku gani, ili aamue mwenyewe kama atakuwepo.