Namba mbili wako akianza kuzeeka, mpeleke kati mapema

Kila dirisha la usajili likifunguliwa nasikia maneno yaleyale, namba mbili wetu, yaani beki wa kulia, kazeeka, aachwe, aletwe kijana. Mi ni kocha wa viungo na mabeki ndo watu ninaoshinda nao sana uwanjani, kwa hiyo naomba niwatetee kidogo hawa wakongwe, maana wengi wao bado wana mpira mguuni, nafasi ya pembeni tu ndo imewashinda, wahamishiwe beki ya kati.

Watu wanadhani kinachoondoka kwanza ni spidi. Mchukue beki wa miaka 32 ambaye hajachoka, mkimbize mita 30 mara moja, anaweza kukushangaza kabisa. Shida yake ni kurudia. Anapanda, anapiga krosi, mpira unanaswa, anageuka kumkimbiza winga wa miaka 21 hadi kwenye boksi lake, na kabla pumzi haijarudi anatakiwa apande tena. Zamani mbio ya tano ilikuwa sawa na ya kwanza, sasa hivi ya tatu tu anafika kachelewa, anavuta jezi, kadi. Na misuli ya nyuma ya paja huwa inachanika hapohapo, kwenye zile mbio ndefu za kurudi.

Ukiangalia jumla ya kilomita utasema mbona tofauti ndogo, beki wa pembeni mara nyingi anafika 10 mpaka 11 kwa mechi na wa kati 9 mpaka 10. Lakini kilomita za wa kati nyingi ni za kutembea na kukimbia polepole akijipanga, zile mbio za kufa na kupona anazo chache sana.

Mfano ninaoupenda ni Paolo Maldini. Alikuwa beki wa kushoto wa Milan miaka mingi, ila fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2003 alicheza kati na Nesta, kushoto kapangwa Kaladze. Fainali ya 2007 pale Athens yupo kati tena, nahodha, ana miaka 38, wakawafunga Liverpool 2-1. Kastaafu 2009 akiwa na 40. Huku kwetu Tanzania Erasto Nyoni naye tulimjua kama beki wa kulia, baadae akacheza kati na hata namba sita, kiungo mkabaji, ndo maana wakamwita kiraka.

Sasa usinielewe vibaya, kati sio mahali pa kupumzikia. Pembeni alikuwa na mstari unaomsaidia, adui anatokea upande mmoja, kati wanatokea pande zote na mgongoni pia. Kitu cha kwanza ninachomtazama mazoezini ni kichwa chake, krosi inapoandaliwa anageuka kuangalia mshambuliaji yuko wapi au kakodolea mpira tu? Wengi wanakodolea mpira. Cha pili ni anavyosimama, kifua kikiwa kimeelekea mpira moja kwa moja, mpira mrefu ukipigwa juu yake lazima ajigeuze mwili mzima na hapo hatua mbili zimepotea, na kwa umri wake hatua mbili hazirudi. Inabidi asimame ubavu-ubavu, mguu mmoja nyuma, tayari kurudi. Hii haieleweki kwa wiki moja jamani, ni miezi.

Kama ni mfupi na mipira ya vichwa inamsumbua, mpe upande kwenye mfumo wa mabeki watatu wa kati. Kocha Conte alimfanyia hivyo beki wa pembeni Azpilicueta pale Chelsea msimu wa 2016/17, na ana mita 1.78 tu, akacheza kila dakika ya mechi zote 38 za ligi na ubingwa wakachukua. Hakuwa mzee wakati ule, alikuwa na miaka 27, na mi hapo ndo napenda kazi ianzie, 27 au 28, miguu ikiwa bado inaweza kumwokoa anapokosea kusoma mchezo. Anza mazoezini, kisha mechi za kirafiki, kisha dakika 20 za mwisho mnapoongoza. Makocha wengi wanasubiri mpaka afike 33 na kaumia paja mara mbili, halafu wanamtupa kati kwa mara ya kwanza siku ya dabi kwa sababu tu beki mwingine ana kadi.