Mafuta ya Ngozi Hayatoki Mahali Pamoja

Katika kazi yangu ya udaktari wa ngozi, hukutana mara kwa mara na watu wanaoamini kwamba ngozi yenye mafuta haiwezi kukauka. Paji la uso linaweza kumeremeta huku mashavu yakibana na kutoa magamba madogo baada ya kunawa, kwa sababu mafuta tunayoyaona na yale yanayozuia maji ya mwili yasipotee hutengenezwa mahali tofauti.

Tunayoyaona huitwa sebamu. Hutoka katika tezi zilizoshikamana na vinyweleo, ambazo ni nyingi mno usoni na kichwani, ilhali viganjani na kwenye nyayo hazipo kabisa. Seli ya tezi hujijaza mafuta hadi ikapasuka na kufa, kisha mabaki yake hupanda kupitia tundu la unywele. Kiasi chake hutawaliwa zaidi na homoni. Ndiyo maana mtoto ambaye hajakaribia kubalehe huwa na sebamu kidogo sana, na bado ngozi yake ni laini kuliko yetu.

Kinga yenyewe, kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kusifiwa, iko katika tabaka la nje kabisa, ambalo sehemu nyingi za mwili ni jembamba kuliko karatasi. Seli zinapokaribia kufa na kuwa bapa, humwaga katikati yake mafuta ya aina tatu, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta, ambazo hujipanga safu juu ya safu na kuziba njia ya maji. Ndani ya seli hizo, protini iitwayo filagrini huvunjwavunjwa ikawa chembechembe zinazonasa unyevu. Waliorithi hitilafu katika jeni yake huwa na ngozi kavu na hupatwa na pumu ya ngozi kwa urahisi zaidi.

Vimeng'enya vinavyoandaa mafuta hayo ya kinga huhitaji uasidi, na ngozi yenye afya huwa na pH, yaani kipimo ambacho namba ikipungua uasidi huongezeka, inayokaribia 5. Sabuni ya kawaida ya kipande hufikia 9 au 10, tena huondoa sehemu ya mafuta yenyewe. Kwa anayenawa mikono kutwa, ukavu na nyufa mara nyingi huanzia katikati ya vidole na chini ya pete, mahali ambapo povu hubaki bila kusuuzwa. Huyo humshauri avue pete kabla ya kunawa, atumie maji ya uvuguvugu, na ajipake mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu.